Magari ya watalii nyikani Mongolia: Mfugaji anavuna nini?

UKITOKA Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, kuelekea magharibi, lami inakwenda kiasi cha kilomita 360 hadi mji mdogo wa Kharkhorin. Baada ya hapo, msafara unaokwenda bonde la juu la Mto Orkhon hauna tena barabara ya kujivunia. Kuna alama za magurudumu tu zinazokata majani, mara njia mbili, mara kumi, zinaachana na kukutana tena upande wa pili wa kilima.

Hapo ndipo wageni waliolipia safari ya kundi wanapoona kuwa safari imeanza. Wametoka Ulaya, Korea Kusini, Japani na Marekani, wamepanda magari matatu, manne au sita yanayofuatana, na kwa wiki mbili au tatu watapita milima, mito isiyo na madaraja, mji wa kale wa watawala wa Kimongolia na jangwa la Gobi. Wengi wao huiita nchi hiyo pori tupu.

Si tupu. Kila bonde wanalopita ni malisho ya familia fulani, hata kama hakuna uzio wala kibao. Na swali la mfugaji wa huko, ambalo mfugaji au mchuuzi wa mahali popote penye watalii atalielewa mara moja, ni kwamba magari hayo yakishapita, kwake kinabaki nini.

Majani ni ya wote

Mongolia iko kati ya Urusi na China na haina bahari. Ukubwa wake ni kilomita za mraba milioni 1.56, yaani inazidi kidogo Tanzania na Kenya zikiunganishwa, lakini watu wake ni kama milioni 3.5 tu, na karibu nusu yao wanaishi Ulaanbaatar. Kilicho kingi ni mifugo. Hesabu hufanyika kila Desemba, na mwishoni mwa mwaka 2022 ilionyesha mifugo milioni 71, sawa na kumgawia kila mwananchi, mtoto na mzee, wanyama ishirini. Wenyewe huhesabu mifugo ya aina tano: farasi, ngamia, kondoo, mbuzi, na ng'ombe pamoja na yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu.

Katiba ya mwaka 1992 inaruhusu raia kumiliki ardhi, lakini malisho yametolewa kwenye ruhusa hiyo. Mfugaji anamiliki wanyama wake na hema lake, na anaweza kupewa hati ya kutumia mahali pa kambi ya majira ya baridi, penye zizi la kukinga upepo. Majani ya bondeni yanabaki kuwa ya wote. Familia huhama mara mbili, mara nne au zaidi kwa mwaka kufuata majani na maji.

Utaratibu huu umewafaa wafugaji kwa karne nyingi. Lakini ndio huohuo unaomwezesha mgeni mwenye gari kukata popote anapotaka. Ukiacha hifadhi za taifa ambazo hutoza kiingilio, hakuna lango, hakuna wa kumuomba ruhusa na hakuna wa kumlipa kwa majani aliyoyalaza.

Dereva ndiye fundi

Kwa miaka mingi gari la kazi hii lilikuwa UAZ la Kirusi, lile basi dogo lenye umbo la mkate. Ni gari gumu na lenye kelele, lakini likiharibika dereva hulifungua mwenyewe nyikani kwa spana na waya. Siku hizi Toyota Land Cruiser na Mitsubishi Delica zimekuwa nyingi. Sehemu kubwa ya magari ya nchi hiyo ni mitumba ya Japani, kama hii inayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa, yenye usukani wa kulia. Kichekesho ni kwamba Mongolia magari hupita upande wa kulia wa barabara, hivyo dereva anayetaka kulipita lori hulazimika kumtegemea abiria wa kushoto amchungulilie mbele.

Sababu ya kwenda kwa kundi ni rahisi. Gari moja likizama kwenye tope, la pili linalivuta. Kila gari hubeba matairi ya akiba, madumu ya mafuta, kamba, koleo, jeki na maji, na mara nyingi gari moja huwa la mpishi na vyakula. Mvua nyingi hunyesha Julai na Agosti, wakati huohuo ambao wageni ni wengi. Mto ambao jana ulifika magotini leo unaweza kufika kiunoni. Dereva mzoefu huingia majini kwanza kwa miguu, akipima kina na kutafuta chini penye mawe. Asiporidhika, msafara unalala ng'ambo hiyohiyo hadi maji yapungue, na mgeni mwenye haraka ya ndege hujifunza subira.

Juu ya kila mlima njia inapovuka kuna rundo la mawe lililofungwa vitambaa vya bluu, linaloitwa ovoo. Desturi ni kulizunguka mara tatu na kuongeza jiwe. Dereva mwenye haraka hupiga honi tu na kuendelea.

Mji uliokuwa na masoko manne

Kharkhorin ndipo palipokuwa Karakorum, mji mkuu wa himaya ya Wamongolia. Ögedei, mwana wa Chinggis Khan, aliujengea ukuta mwaka 1235. Mwaka 1254 alifika hapo William wa Rubruck, mtawa wa Kifransisko kutoka Ulaya, naye hakuvutiwa na ukubwa wake. Hata hivyo alichoandika kuhusu biashara kinafaa kusomwa na kila mwenye meza sokoni. Mji ulikuwa na milango minne na kila mmoja ulikuwa na soko lake. Mlango wa mashariki waliuza mtama na nafaka nyingine, ingawa nafaka haikufika mara kwa mara. Wa magharibi kondoo na mbuzi, wa kusini ng'ombe na mikokoteni, na wa kaskazini farasi. Ndani kulikuwa na mtaa wa Waislamu uliojaa wafanyabiashara, mtaa wa mafundi wa Kichina, misikiti miwili na kanisa moja.

Kublai Khan alipohamishia utawala China, mji ulianza kufifia. Leo kilichobaki juu ya ardhi ni kidogo mno, na mgeni asiyesoma kabla huondoka amesikitika. Anachokiona ni kobe mkubwa wa mawe, na monasteri ya Erdene Zuu iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1580 kwa kutumia mawe ya magofu hayo, ikizungukwa na ukuta wenye minara midogo myeupe 108. Bonde lote la Orkhon liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Wachuuzi nao wapo karibu na ukuta, wakiuza vitu vya ukumbusho. Soko la Karakorum halijafa kabisa, limebadilisha bidhaa tu.

Chai haiuzwi, kitanda kinauzwa

Kutoka hapo magari hupanda kuelekea maporomoko ya Orkhon, kwenye njia ya mawe ya volkano inayowatikisa abiria mpaka meno. Ndani ya bonde hilo ndimo mfugaji na mgeni wanapokutana uso kwa uso.

Hema la Kimongolia, ger, ni la duara. Kuta zake ni fito zinazokunjwa na kukunjuliwa, juu yake hufunikwa mablanketi mazito ya sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, na mlango hutazama kusini. Mgeni anayekaribia hupaza sauti kuomba mbwa ashikwe, na hata kama mbwa hayupo, maneno hayo yamekuwa ndiyo hodi. Akiingia haruhusiwi kukanyaga kizingiti. Kabla hajaulizwa anakotoka atapewa chai ya maziwa yenye chumvi, na pengine maziwa makavu yaliyogandishwa na kukaushwa juani hadi yakawa magumu kama kokoto. Katika nchi ambayo jirani anaweza kuwa kilomita kumi mbali na baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri, kumnyima mpita njia chai ni sawa na kumwacha afe. Ndiyo maana chai haiuzwi hadi leo.

Vingine vinauzwa. Familia nyingi zilizo karibu na njia za watalii zimeongeza hema moja au mawili ya kulala wageni. Hukodisha farasi kwa siku, na kwa kawaida mgeni hulipia pia farasi wa mwenyeji anayemwongoza. Kule Gobi hukodisha ngamia. Huuza airag, yale maziwa ya farasi yaliyochachushwa, na vitu vya sufu vilivyoshonwa na akina mama. Mtaji wake si mkubwa, kwa kuwa hema, farasi na maziwa tayari wanavyo. Kinachohitajika zaidi ni vitanda, choo safi na umeme wa kuchaji simu. Hilo la mwisho lilirahisishwa na mpango wa serikali ulioanza mwaka 2000, ambao kwa msaada wa wafadhili ulizipatia familia takriban 100,000 za wafugaji paneli za umeme wa jua hadi ulipokamilika mwaka 2012.

Fedha hii ina utamu wake, kwani hulipwa mkononi siku hiyohiyo na haingoji mnunuzi kutoka mjini. Lakini ukiitazama bei yote ya safari, fungu la mfugaji ni dogo. Mgeni hulipa kampuni kabla hajafika, na kampuni iko Ulaanbaatar au ng'ambo. Kambi kubwa za mahema zenye mgahawa na bafu mara nyingi ni mali ya watu wa mjini. Msafara unaobeba mpishi, chakula na mahema yake wenyewe unaweza kulala siku kumi kwenye malisho ya watu bila kununua hata lita moja ya maziwa. Msafara wa namna hiyo hujisifu kuwa hautegemei mtu. Kwa mfugaji sifa hiyo haina maana yoyote.

Liko pia suala la kazi, ambalo wageni hawalioni kwa urahisi. Watalii huja kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, na hiyo ndiyo miezi ambayo mfugaji hana nafasi. Farasi hukamuliwa mara kadhaa kwa siku, maziwa ya ng'ombe na yaki yanataka kuchemshwa na kukaushwa kabla hayajaharibika, sufu inashindiliwa, na ikifika mwisho wa Agosti nyasi za akiba zinakatwa. Kazi nyingi kati ya hizo ni za wanawake, na hao ndio wanaopika na kutandika vitanda vya wageni.

Balaa ambalo mgeni wa Julai halioni

Kwa hiyo utalii kwa wafugaji walio wengi ni kipato cha pembeni. Kipato kikuu ni mbuzi. Kila majira ya kuchipua, Aprili na Mei, mbuzi huchanwa kwa kitana cha chuma ili kutoa manyoya laini ya ndani yanayokua kumkinga na baridi. Hayo ndiyo kashmiri, ambayo huvaliwa na matajiri wa Ulaya na Marekani. Mbuzi mmoja hutoa kama robo kilo. Mongolia ni ya pili duniani kwa zao hilo baada ya China, na China ndiyo hununua sehemu kubwa.

Mwaka 1990 nchi ilikuwa na mbuzi kama milioni 5. Vyama vya ushirika vya enzi ya ujamaa vilipovunjwa na mifugo kugawiwa watu binafsi, bei ya kashmiri ikawavuta, na idadi ya mbuzi ilipanda hadi zaidi ya milioni 25. Mbuzi hula karibu na mzizi kuliko ng'ombe, na malisho ya maeneo mengi yamechakaa. Wakati huohuo familia nyingi hukopa benki kwa matumizi ya mwaka, ada za shule na mafuta, zikitegemea kulipa baada ya kuuza manyoya. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, bei ya kashmiri ilianguka na watalii hawakuja. Nchi haikufunguliwa kikamilifu kwa wageni hadi Februari 2022. Waliodhani wana vyanzo viwili vya fedha walikuta vyote vimefungwa na mlango mmoja.

Balaa kubwa zaidi lina jina lake, dzud. Huanza na majira ya joto yenye ukame, mnyama anaingia kwenye baridi akiwa hana mafuta mwilini. Kisha theluji inaanguka nyingi kiasi cha kufunika majani, au inayeyuka kidogo na kuganda kuwa barafu ambayo kwato haziwezi kuivunja. Wanyama hufa kwa njaa wakiwa wamesimama juu ya chakula. Mwaka 2009 Mongolia ilikuwa na mifugo milioni 44. Baada ya dzud ya baridi iliyofuata, hesabu ya mwisho wa 2010 ilikuta chini ya milioni 33. Baridi ya 2023 hadi 2024 iliua zaidi ya milioni 7, na kufikia mwisho wa mwaka huo ile hesabu ya milioni 71 ilikuwa imeshuka chini ya milioni 58.

Serikali na Benki ya Dunia walianza mwaka 2006, katika mikoa mitatu ya majaribio ya Bayankhongor, Khentii na Uvs, kuuza bima ya mifugo ya aina ya pekee, ambayo baadaye ilienea nchi nzima. Bima hiyo haimkagui mfugaji mmoja mmoja. Vifo vya wilaya nzima vikizidi kiwango kilichowekwa, kila aliyekata bima analipwa. Uzuri wake ni kwamba mfugaji hodari aliyeokoa wanyama wake kwa kukata nyasi mapema naye hulipwa, hivyo hakuna faida ya kuzembea. Ubaya wake ni kwamba aliyepoteza kundi zima katika wilaya iliyopona hapati kitu.

Anayebaki bila mifugo huenda Ulaanbaatar, hupiga hema pembezoni mwa mji na kutafuta kibarua. Wapo walioishia kuwa madereva, na baadhi yao ndio wanaowaendesha wageni.

Gari lilifika kwa sababu ya ngamia

Msafara ukishavuka milima ya Khangai kuelekea kusini, majani hupungua na Gobi inaanza. Hapa magari yana historia ndefu. Juni 10, 1907 magari matano yaliondoka Beijing kushindana kufika Paris. Petroli yao ya kuvuka Gobi ilikuwa imetangulizwa kwa msafara wa ngamia. Gari moja dogo la magurudumu matatu la Mfaransa Auguste Pons liliishiwa mafuta jangwani, na wenyewe wakaokolewa na wafugaji. Gari halikuendelea tena. Mshindi, Mwitaliano Scipione Borghese, aliingia Paris Agosti 10 na kusifiwa na magazeti ya Ulaya.

Mwaka 1922 alikuja Mmarekani Roy Chapman Andrews wa jumba la makumbusho la New York, naye akiwa na magari, na ngamia wametangulia na petroli na unga. Mwaka uliofuata, kwenye magenge mekundu ya Bayanzag, kundi lake lilipata viota vya mayai ya dinosaria, jambo lililotangazwa dunia nzima. Magenge hayo leo ni kituo cha karibu kila msafara. Mgeni akiuziwa kipande cha mfupa asikubali, kwani mifupa hiyo ni mali ya taifa. Mwaka 2013 Marekani ilirudisha mifupa ya dinosaria iliyokuwa imepigwa mnada New York.

Gobi pia ndiko madhara ya magurudumu yanakoonekana wazi. Njia ya udongo ikishapitiwa sana hufanya mawimbi yanayovunja springi na shokapu, na dereva hukwepa kwa kufungua njia mpya pembeni. Anayemfuata hufungua nyingine. Baada ya miaka kadhaa njia moja imekuwa uwanja wa mistari sambamba, na katika ardhi kame majani yaliyosagwa huchukua miaka mingi kurudi. Magari ya watalii si wakosaji peke yao. Malori yaliyosomba makaa ya mawe ya Tavan Tolgoi kwenda China yalivumisha vumbi zaidi, na mfugaji mwenyewe mwenye pikipiki naye hukata anapotaka. Lami iliyojengwa katika miaka ya karibuni, ikiwamo ya kutoka Ulaanbaatar hadi Dalanzadgad kusini, imepunguza tatizo kwenye njia kuu. Lakini mgeni wa safari za nyikani amelipa ili aende kusiko na lami.

Baadhi ya madereva sasa hushikilia mstari mmoja, magari yote yakikanyaga alama zilezile hata kama abiria wanalalamika kwa mtikisiko. Hakuna anayewalazimisha. Hufanya hivyo zaidi wale wenye ndugu katika bonde wanalopita.

Kwenye matuta ya mchanga ya Khongoryn Els wageni hupanda ngamia kwa saa moja, hupiga picha na kulala. Asubuhi huanza safari ya Dalanzadgad, na kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 500 za lami hadi mji mkuu, siku moja tu kwa gari zima.

Kufikia mwishoni mwa Septemba hakuna tena magari kwenye bonde la Orkhon. Farasi huachwa wasikamuliwe ili wanenepe kabla ya baridi. Hema la wageni hufunguliwa kwanza, kisha la familia, kazi isiyozidi saa chache, na vyote hupakiwa kwenye lori dogo la Kikorea lililochukua nafasi ya ngamia. Nyasi zilizokatwa huhesabiwa marobota, na fedha ya vitanda na farasi, kama ipo, huenda kununua marobota mengine.